Pini Iliyofuliwa Kama Mkuki

Alhamisi, mwishoni mwa Februari, 1957.
Nyanungu, nyumbani kwa dada yangu Bhoke.

Mawingu yamekaa juu ya vilima vya upande wa Kenya tangu asubuhi, meusi kama chungu cha pombe, wala hayaji wala hayaondoki. Na mimi ndivyo nilivyo leo. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa. Nimetoka kwenda kuitazama trekta, nimerudi, nimetoka tena, kana kwamba kuna mtu wa kuiiba. Nani aibe trekta isiyoweza kuvuta hata mbuzi?

Daftari, wewe nakuambia kweli kwa sababu huna miguu ya kunitangulia kilabuni.

Kwanza iandikwe kwamba trekta ni nzima. Ni kuukuu, sawa, rangi imebanduka na kiti chake nimekishona mwenyewe kwa ngozi ya fahali, lakini injini ikiamka kuku wa kijiji kizima wanaacha kutaga. Kilichovunjika ni pini. Kipande cha chuma kirefu kama shubiri, kinene kama kidole gumba changu, na kidole gumba changu si cha mchezo. Kinapita katika tundu la mkia wa trekta, kinapita katika tundu la ulimi wa plau, kinavishika viwili hivyo kama padre anavyofungisha ndoa. Kikikatika, trekta inakwenda zake na plau inabaki ardhini inashangaa.

Mimi niliyeendesha lori Burma kinyumenyume juu ya daraja la mianzi, giza totoro, risasi zikipita kama nyuki, nimeshindwa na kitu cha shubiri moja.

Inauma.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana kichwa kinaruka kama panzi.

Bhoke ni dada yangu tuliyechangia naye ziwa moja. Mumewe alifariki mwaka juzi, akamwachia watoto ambao bado ni wadogo, na shamba moja kubwa la udongo mweusi linaloteremka mpaka mtoni. Shamba hilo ndilo ghala lake, ndilo nguo yake, ndilo kila kitu. Likipandwa mahindi na wimbi kabla mvua hazijakolea, mwaka unapita. Lisipopandwa, Bhoke atazunguka na kikapu kwa ndugu za mumewe akiomba. Dada yangu si mtu wa kuomba. Hata tulipokuwa wadogo, akiona umeshika nyama alikuwa anaangalia pembeni.

Na kuna jambo jingine ambalo kwetu Wakurya halihitaji kusemwa, lakini leo naliandika. Ng'ombe waliotolewa kumwoa Bhoke ndio hao hao baba aliowaswaga nami nikaolea mke. Kila ninapomwona mke wangu anatoka mlangoni na mtungi, namwona dada yangu akiondoka nyumbani siku ile, hakugeuka nyuma. Nyumba yangu imesimama kwa sababu yeye alikubali kuondoka. Basi mtu wa namna hiyo akilala njaa, mimi nitakula kitu gani kipite kooni?

Kwa hiyo nilipopata likizo ya mwezi kule misheni ninakoendesha trekta, nilimwendea Padre nikamwomba aniazime chombo pamoja na plau. Padre alisema nichukue, ila Jumamosi irudi, ina kazi nyingine. Nikasema, Padre, Jumamosi? Alhamisi itakuwa imerudi imeoshwa.

Leo ni Alhamisi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulikaa kwa shemeji yangu Mwita tukinywa. Mwita ni ndugu wa marehemu, mtu mfupi mwenye kifua kama ngoma, na ndiye kiongozi wa risaga ya huku. Risaga ni ule umoja wetu wa kulimiana: watu wanaunganisha ng'ombe na mikono yao, leo shamba la huyu, kesho la yule, kwa zamu mpaka wote wamalizike. Jumatatu ilikuwa zamu ya Bhoke. Mwita akasema, "Shemeji, kesho tunaingia kwa dada yako. Wewe utakuja na jembe au utakuja na hadithi?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

Nikasimama. Sijui kwa nini siwezi kusema jambo nikiwa nimekaa. Nikasema, "Pelekeni ng'ombe wenu machungani wakapumzike. Dada yangu mwaka huu analimiwa na chuma. Siku moja tu! Asubuhi naingia, jioni nanawa mikono, na masalio ya mafuta nitawapaka ninyi mng'ae!"

Mwita akauliza mara ya pili, polepole, "Zamu yake mnaiacha?" Nikasema tunaiacha. Bhoke alikuwa upande wa wanawake, na kaka yake akishasema mbele ya wakwe, angesimama kunipinga namna gani? Aliinama tu akaendelea kuchuja pombe. Na zamu ya risaga ukiiacha haikungoji. Inakwenda kwa anayefuata, yako inakwenda mkiani, nyuma ya kila mtu, wakati ambao mvua itakuwa imeshamaliza kazi yake.

Haya. Jumanne niliingia shambani. Na ninasema bila kuongeza chumvi, mistari ile ya kwanza ilinyooka kama imepigwa rula. Watu walijaa ukingoni, hata bibi mmoja asiyeona vizuri aliletwa asikilize. Kisha plau ikakamata jiwe lililokuwa limejificha chini tangu Mungu aumbe Nyanungu, na pini ya zamani, ambayo ilikuwa imeliwa katikati mpaka imekuwa kama kiuno cha nyigu, ikasema ta! ikaisha.

Nilituma mtu Tarime mjini kwa fundi Mswahili mwenye karakana nyuma ya soko. Jibu lilirudi kwamba fundi amekwenda Musoma msibani. Nikasokota kamba ya ngozi ya fahali, nene kama mkono. Ilivuta hatua chache ikakatika, ikarudi ikanichapa mgongoni mbele ya watu wale wale. Sikulia. Macho yalitoa maji yenyewe.

Ikabaki kwa Matiko.

Matiko ni mhunzi, wa ukoo wa Waturi. Watu wa kwetu tunawahitaji Waturi na tunawaogopa, yote kwa pamoja. Huingii uwanjani kwao bila kuitwa. Fimbo yako unaiacha nje. Mvukuto wao huugusi, na neno baya hulitamki karibu na nyundo, kwa maana laana ya mhunzi haina dawa. Basi jana asubuhi nilikwenda na kipande cha mtaimbo wa zamani uliotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Kerende, nikasimama nje ya boma lake nikakohoa.

"Nani huyo anakohoa kama gari bovu?" akaita kutoka ndani.

"Mwenye trekta!"

"Mwenye trekta ni Padre. Ingia, dereva."

Ukweli ni kwamba Matiko na mimi tumeumbwa udongo mmoja. Nyanungu nzima hakuna mtu anayeweza kunishinda kwa maneno isipokuwa yeye, na hilo sijawahi kulitamka. Ana mikono iliyojaa makovu ya cheche, na kila kovu lina hadithi yake, na hakuna hata moja ambayo ni ya cheche.

Akaupindua ule mtaimbo, akaugonga, akausikiliza kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Akaniuliza, "Unataka chuma cha kupinda au chuma cha kukataa?"

Daftari, hapa ndipo jambo lilipoharibika.

Mtu mwenye akili angeuliza maana yake. Mimi nikasema, "Cha kukataa! Mimi katika maisha yangu hujaniona nimepinda." Nikamweleza kuhusu simba wa Manchira, jinsi nilivyomkuta ameketi barabarani usiku na trekta imeishiwa mafuta, nikashuka, nikamtazama machoni tangu mwezi unachomoza mpaka unazama, mpaka yeye ndiye akaona haya akaondoka. Nikasema nataka chuma chenye moyo kama ule.

Matiko hakukubali kulala chini. Akasema simba anayeona haya si simba, ni ng'ombe mwenye nywele. Akasema babu yake alifua mkuki ambao ulimpita nyati, ukapita na mti uliokuwa nyuma ya nyati, na mpaka leo mti ule upo, unazaa matunda pande mbili. "Mkuki ule," akasema, "ulitiwa maji namna ambayo ni mimi tu ninayeijua sasa."

"Basi nitilie hivyo hivyo."

"Utaweza kuushika?"

"Wewe tia."

Akavukuta moto mpaka chuma kikawa chekundu, kikapita wekundu kikawa kama jua la saa sita. Akakifua juu ya jiwe lake kikawa pini, mviringo safi, kichwa kama cha uyoga ili kisipenye tundu. Sijaona mkono kama ule, lazima niseme. Kisha akakitumbukiza majini kikiwa kimewaka. Kilipiga kelele kama nyoka elfu. Mvuke ukatufunika wote wawili, tukatoka humo tunacheka kama vijana waliotoka jandoni siku hiyo hiyo. Akachukua tupa akaikwaruza ile pini. Tupa iliteleza. Haikuacha hata alama!

"Umeona?" akasema. "Meno ya tupa yamekataa."

Nikarudi nyumbani nimeibeba mkononi, nikimwonyesha kila niliyekutana naye njiani. Hata wale ambao hawakuuliza.

Leo asubuhi niliipachika. Watu walikuja zaidi ya Jumanne. Nilitoa hotuba fupi, sitaiandika hapa. Nikaamsha injini, nikatia gia, plau ikazama udongoni kama kisu kwenye siagi, na trekta ikavuta mara moja.

Mara moja tu.

Pini haikupinda hata kidogo. Ilikatika vipande viwili kama muwa mkavu, na trekta ikaruka mbele kama ndama aliyeachiwa. Ikanibeba mpaka kwenye uzio wa mifugo kabla sijaikamata breki, nikang'oa nguzo. Niliposhuka nikaokota vipande. Ndani yake palikuwa panameta punjepunje kama magadi. Mtu mmoja akasema, "Kumbe alifua chumvi!" Kicheko kilichopigwa hapo, nadhani Sirari walisikia.

Mimi nilicheka pia. Nilicheka kuliko wote. Ukiwahi kucheka wewe kwanza wanadhani hujaumia.

Bhoke hakucheka. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkabidhi binti yake mkubwa, akachukua jembe la mkono akaenda pale plau ilipokwama, akaanza kulima. Peke yake, katika shamba lile lote, nyuma ya trekta. Alikuwa analima pale pale ambapo mstari wangu ulikomea, akiuendeleza.

Hapo watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Afadhali angenitukana.

Nilikwenda kwa Matiko nusu nikikimbia, vipande viko mfukoni. Nilikohoa nje, nikaitwa, nikaacha fimbo, nikavimwaga vile vipande mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akaviangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mkuki huu ulikuwa mzuri sana. Kosa ni lako. Umeufunga kwenye trekta badala ya kumchoma nao mtu."

"Matiko, dada yangu yuko shambani na jembe la mkono."

Akaniangalia. Ile midomo yake iliyokuwa inajiandaa na hadithi nyingine ikafunga. Akageuka akaanza kuchambua vyuma vyake, na bila kunitazama akasema maneno ambayo nimekuwa nikiyatafuna tangu pale. Alisema mkuki kazi yake ni ya mara moja, unaingia na kutoka, ndiyo maana unatiwa ukali. Lakini kitu cha kuvuta kutwa nzima lazima kiwe na mahali pa kulegea, la sivyo siku ya jiwe kinakatika. Alisema alijua hilo jana. Nilipouliza kwa nini basi hakusema, akajibu, "Ungenyamaza lini nikasema?"

Kisha akaongeza, chini chini, "Na mimi nilitaka kukuonyesha ile ya babu."

Sikuwa na neno. Andika hilo, daftari, kwa wino mzito.

Alichukua kipande kilichobaki cha mtaimbo akafua pini nyingine. Haikutiwa maji. Ilipokuwa bado nyekundu aliilaza ndani ya shimo la majivu ya moto, akaifunika kwa majivu mengine, akaweka kigae juu kama anamfunika mtoto. Nikauliza itapoa saa ngapi. "Chuma hakina saa," akasema. "Kipoe chenyewe. Ukikitoa mapema kitarudia ujeuri." Nikakaa kwenye jiwe nje ya boma nikangoja. Nikasimama. Nikachungulia. Matiko akaniambia majivu hayapoi haraka kwa kutazamwa, niende nikamsumbue mtu mwingine.

Nikaondoka nikitazama yale mawingu. Ndiyo hesabu iliyokuwa inanichoma njia nzima. Hata pini ikitoka nzuri kesho, ikinyesha leo tu, udongo ule mweusi wa mtoni utageuka uji, na trekta itazama mpaka kitini. Udongo wa namna ile ng'ombe wanapita, wanajua kuweka kwato. Chuma hakijui. Na Jumamosi Padre anataka chombo chake. Kila nilivyogeuza, jambo lilikuwa lilelile: nilikuwa nimeliweka tumbo la dada yangu juu ya kitu ambacho kimelala kwenye majivu hakitaki kuharakishwa.

Miguu ilinipeleka yenyewe mahali ambapo mdomo haukutaka kwenda.

Risaga walikuwa kwa jirani, wanamalizia kipande cha mwisho. Jozi za ng'ombe zinakwenda, vumbi, mluzi, wanawake wanafuata wakivunja mabonge. Mwita aliniona toka mbali akasimamisha plau yake.

"Shemeji! Chuma kimechoka? Tuambie kinakula majani gani, tukikatie!"

Nikangoja kicheko kipite. Kilichukua muda. Nilikuwa na jibu, daftari, jibu tamu sana lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, kuhusu kifua chake na ngoma. Nikalimeza. Lilishuka kama mfupa wa samaki.

Nikasema, "Mwita, nimekuja kuomba zamu ya Bhoke."

"Zamu ya Bhoke iko mkiani. Wewe ndiye uliyeipeleka."

"Mimi ndiye."

"Sikusikia vizuri."

Nikarudia kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. "Mimi ndiye niliyeipeleka! Yeye hakusema neno. Kama kuna wa kungoja mkiani ni mimi, si yeye."

Mwita akachomoa kiko chake, akakigonga kwenye mpini wa plau. Alitazama wenzake. Hakuna aliyecheka safari hii. Kisha akasema kesho ni zamu ya shamba lake mwenyewe, na kwamba yule marehemu alikuwa ndugu yake kabla mimi sijawa shemeji yake, kwa hiyo zamu yake atampa Bhoke. "Lakini risaga haina mgeni," akasema. "Anayelimiwa anatoa mtu. Bhoke hana mtu mzima nyumbani. Huyo mtu ni wewe. Na si kesho tu unalimiwa halafu unapotea. Utakwenda na sisi shamba kwa shamba mpaka wa mwisho alimiwe."

"Nina likizo ya mwezi mzima," nikasema. "Nitashika plau. Mkono wangu unanyoosha mstari kama..."

"Plau zina watu. Viboko vina watu. Iliyobaki ni kutangulia mbele ya ng'ombe na kushika kamba."

Kutangulia mbele ya ng'ombe! Hiyo kwetu ni kazi ya wavulana ambao sauti haijavunjika. Mimi nina wana wawili walioingia jandoni. Nina mvi. Waliangalia chini wote, lakini niliona mabega yanatikisika.

Nikasema, "Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naitaka. Burma nilitangulia mbele ya tembo watatu, wakubwa kama makanisa, kwa kamba ya katani. Ng'ombe ni nini?"

"Basi tembo wako tutawakuta kesho alfajiri," akasema Mwita, na hapo wakaangusha kile kicheko walichokuwa wameshika. Na mimi nikacheka, lakini kile kilikuwa cha kweli, sijui kilitoka wapi.

Nilirudi moja kwa moja shambani. Bhoke alikuwa bado analima, kitambaa cha kichwa kimelowa. Nilishika mpini wa jembe. Nikamwambia risaga wanakuja kesho, na namna ilivyokuwa, yote, pamoja na ile sehemu ya kamba. Alisikiliza akipangusa uso. Nilitegemea atasema asante, au atasema ole wako. Akasema, "Watu wangapi? Kuna wimbi kidogo la uji, halitatosha." Akaenda nyumbani kuangalia vyungu vyake. Huyo ndiye dada yangu.

Nikaendelea na jembe lake mpaka mikono ikatoa malengelenge. Mikono ya usukani, hii. Imelainika kuliko nilivyodhani.

Sasa jua linashuka na mimi niko mlangoni naandika. Matiko amepita hapa muda si mrefu. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kitu ambacho sijawahi kukiona. Hakuingia. Alisimama njiani akasema majivu bado yana moto ndani, ila pini inapendeza, haina haraka. Kama ndivyo, Jumamosi pini hiyo itanisaidia kuivuta plau ya Padre mpaka misheni, na hiyo ni kazi ya kutosha kwa pini. Akaniuliza kama ni kweli nitatangulia ng'ombe. Nikasema ni kweli. Akafikiri, akasema babu yake alitangulia ng'ombe hata alipokuwa mzee, ng'ombe arobaini, wote vipofu. Akaondoka zake.

Nadhani alikuwa ananifariji.

Nimemaliza kuandika lakini mwili hautaki kutulia. Nimesuka upya ile kamba yangu ya ngozi, nimefungua, nimesuka tena. Upepo umebadilika, unanuka udongo uliolowa, mahali fulani huko tayari inanyesha. Ikija, na ije. Ng'ombe wataweka kwato.

Jambo moja tu linanisumbua, na hili siliandiki kwa fahari. Mara ya mwisho kutangulia ng'ombe wa plau nilikuwa bado sijang'oka meno ya utotoni. Yule wa mbele anashika kamba akiwa kati ya ng'ombe wawili, au anakaa upande wa kushoto? Na wakifika mwisho wa mstari, anawageuza kwa kuwavuta au kwa kuwapisha? Nimefumba macho nikajaribu kuwaona. Siwaoni. Nawaona tembo tu, na hao tembo, daftari, wewe na mimi tunajua.

Nikikosea asubuhi mbele ya Mwita, nitafia pale.

Bhoke anajua. Alitangulia ng'ombe wa baba miaka yote wakati mimi niko shule. Namsikia anasaga. Nimeshasimama mara mbili nikarudi kukaa.

Haya. Naenda kumuuliza.